Kazi niliyotoa nje, na ile niliyojuta kuitoa

Januari 2023, wiki ya kwanza shule zimefunguliwa, saa mbili asubuhi simu inaita naona jina la mwalimu mkuu wa shule moja ya inglish midiam huku kwetu Temeke, Dar es Salaam. Nikajua ananipigia kunishukuru maana mzigo wake tulimfikishia Jumamosi, shati 240 zimepigwa pasi na nembo kifuani. Akasema, "Mama, hizi shati ulizotuletea ni za chekechea au za darasa la nne?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilipofika nikakuta zimepangwa mezani mafungu mawili. Fungu moja sawa kabisa. Fungu la pili zimeandikwa saizi 28 lakini ukiipima juu ya 28 nyingine inazidiwa vidole viwili begani na urefu chini umekatwa, mtoto akiinua mkono kitovu nje. Tukahesabu pale pale mimi na mwalimu wa taaluma, 71 zimeharibika. Na kibaya zaidi shati ikishawekwa nembo ya shule huna wa kumuuzia mwingine, ni ya shule ile tu au utafumua nembo ibaki na alama ya sindano kifuani. Nilirudi na kiroba changu kwenye bajaji nimekaa kimya dereva akaniuliza mama kuna msiba.

Shati zile sikushona mimi. Nilikuwa nimezitoa nje, kwa bwana mmoja mwenye karakana Mbagala ana vyerehani kama tisa hivi. Na ndio maana naandika haya, kwa sababu kila nikikaa na wenzangu wenye biashara ndogo naulizwa, dada kwani we unawezaje kuchukua oda kubwa na una vyerehani vinne tu? Jibu ni kwamba nusu ya kazi haifanyiki kwangu. Kwenye semina za wajasiriamali wanaipa jina la kizungu, sisi mafundi tunasema kutoa kazi nje. Nimeifanya miaka mingi, imenilisha, na imeniliza.

Nianze huko nyuma kidogo. Nilianza 2016 na cherehani kimoja cha miguu, barazani kwa mama mkwe. Mwaka ule elimu bila ada ilikuwa ndio imeanza, Januari, watoto waliandikishwa wengi sana, na ada imefutwa sawa lakini sare mzazi ananunua mwenyewe. Kwa hiyo sketi za bluu na shati nyeupe zilikuwa zinatoka utafikiri maandazi ya asubuhi. Nikapata hela, nikapata na kichwa kikubwa. 2017 nikakodi fremu Tandika, nikaajiri mafundi sita wa mshahara, kila mmoja 250,000 kwa mwezi.

Sasa anayejua sare anajua msimu wake. Novemba, Desemba, Januari hulali. Juni kuelekea Julai muhula wa pili kidogo kuna watu. Basi. Machi na Aprili mvua za masika zinanyesha na hakuna mtu anayekumbuka kuwa kuna kitu kinaitwa sare. Mimi nina mafundi sita wanacheza drafti kwenye fremu na mwisho wa mwezi wanataka 1,500,000 yao, na wana haki. Nilikopa kwenye vikoba kulipa mishahara ya watu ambao hawajashona hata kaptula. Kufika Juni nimebaki na wawili, na wengine wanne tumeachana kwa maneno ambayo mpaka leo mmoja tukikutana Kariakoo anavuka barabara.

Kwa hiyo mimi sikuingia kwenye kutoa kazi nje kwa ujanja. Niliingia kwa kufilisika. Ndio faida yake ya kwanza na kwa kweli ndio kubwa kuliko zote, mwezi ambao hakuna kazi hudaiwi na mtu. Unalipa kwa kipande. Shati imeshonwa unalipa, haijashonwa hulipi. Fundi naye ana wateja wake wengine, hakutegemei wewe peke yako kula.

Kazi ya kwanza kuitoa ilikuwa nembo. Mwanzo nilikuwa nakataa oda za shule binafsi kwa sababu ya nembo tu. Nikaenda kuulizia mashine ya kudarizi ya kompyuta, ile ya kichwa kimoja, nikatajiwa milioni 14, bado mtu wa kuiendesha, bado stebilaiza, bado uzi wake maalum. Nikarudi nyumbani nikajilaza. Kumbe pale pale Kariakoo kuna vijana kazi yao ni hiyo hiyo, unampelekea mchoro anautengeneza kwenye kompyuta mara moja tu, baada ya hapo kila nembo 800. Piga hesabu, milioni 14 kwa 800 ni nembo 17,500. Mimi kwa mwaka mzuri sana nilikuwa natumia 3,000. Ningekaa karibu miaka sita narudisha hela ya mashine, na hapo haijaharibika hata sindano. Hii hata sikujiuliza mara mbili, na mpaka leo sijawahi kujuta.

Sweta nazo hivyo hivyo. Kuna mama mmoja Yombo ana mashine za kufuma, ananifumia na kuniletea, mimi nauza. Huyu tunaelewana mpaka tunakula sikukuu pamoja, sina la kusema zaidi.

Ila hata nembo ina siku yake. Desemba 2023 umeme ulikuwa wa mgao, mnakumbuka, mtaa wenu unakatika saa hizi mtaa wa pili unawaka. Cherehani cha miguu hakijali mgao, sisi tuliendelea kushona. Lakini mdarizi wangu mashine yake bila umeme ni meza tu. Nina sketi na shati zimekamilika zimelala kwake zinasubiri nembo, shule zinafunguliwa, napiga simu ananiambia "dada umeme umerudi saa nane usiku, nimedarizi 40, umekata tena". Ungemlaumu vipi? Jenereta hana, na angekuwa nalo hiyo 800 ingekuwa 1,500. Hali haikuanza kupumua mpaka Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, zile megawati 235, ulipoanza kuzalisha, na Februari kwa muuza sare ni sawa na Machi tu, umeshachelewa. Nilipunguziwa bei na shule mbili kwa kuchelewesha. Pale ndio nilielewa kwamba kazi ukishaitoa, matatizo ya mwenzio yanakuwa yako lakini huna uwezo wa kuyatatua. Umeme ukikatika kwangu naweza kufanya kitu. Ukikatika kwake nabaki kupiga simu tu.

Turudi kwa bwana wa Mbagala.

Huyu nilianza naye 2021 na oda mbili za kwanza zilikuwa safi kabisa, kola imekaa, vifungo vimenyooka, ovaloki haitoi uzi. Nikamwamini. Kipindi kile nilikuwa nakata kitambaa mwenyewe, mimi na pateni zangu za karatasi gumu, nampelekea vipande vimekatwa yeye anashona tu. Kwenye ile oda ya 240 nilikuwa nimezidiwa, nina shule nne kwa mpigo, mtoto anaumwa, nikamwambia bwana eeh safari hii chukua majora ya kitambaa ukate mwenyewe, nitakuongezea. Tukakubaliana 2,500 kwa shati, kukata na kushona. Nikampa mita 290, yani mita 1.2 kwa shati na kidogo juu.

Alichofanya, au walichofanya vijana wake maana alikataa katakata kwamba sio yeye, ni kubana kitambaa. Unapunguza sentimita chache kwenye kila shati, unalaza pateni zikibanana, mwisho wa siku una mita ishirini na kitu zimebaki, ni zako, unashona shati 20 unauza. Mafundi tunajuana, mabaki ya kitambaa ndio kiinua mgongo chetu, na mimi mwenyewe nikiwa najifunza nilifanya. Lakini mtu anayebana kitambaa cha mteja mmoja mmoja hata akikosea ni shati moja. Huyu alibana kitambaa cha shule nzima.

Nikuwekee hesabu mezani uione. Shati 240 kwa 9,000 ni 2,160,000. Kitambaa mita 290 kwa 3,500 ni 1,015,000. Karakana 600,000. Nembo 192,000. Vifungo, uzi, bajaji, tuseme 60,000. Kinachobaki ni 293,000, hiyo ndio ilikuwa faida yangu endapo kila kitu kingeenda sawa. Sasa shati 71 kuzirudia, kitambaa, kushona na nembo, ilinigharimu 532,500. Kwa hiyo nilifanya kazi Desemba nzima kwa hasara ya kama laki mbili na arobaini, na jina limechafuka juu.

Na hapo TRA, watu wa kodi, bado. Hili watu wengi hawalipigii hesabu. Sisi wadogo ambao mauzo yetu kwa mwaka yamezidi milioni 11 hayajafika milioni 100, tulikuwa tunalipa asilimia 3.5 ya mauzo. Ya mauzo, sio ya faida. Ile 2,160,000 nimekatia risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, yote, kwa hiyo kodi yake ni 75,600, hata kama 600,000 ilipita tu mkononi kwangu kwenda Mbagala na 192,000 ikaenda Kariakoo. Ukishona mwenyewe, hiyo kodi inatoka kwenye fungu nono. Ukitoa kazi nje fungu lako linakonda lakini kodi iko pale pale. Kwenye ile faida ya 293,000, 75,600 ni zaidi ya robo! Mimi nilikuwa nagawa kazi nafurahi kwamba nimeongeza mauzo, mauzo yanapanda, kodi inapanda, mfukoni hakuna kinachopanda. Unakuta mtu anajisifu mwaka huu nimeuza milioni 40, muulize umebaki na ngapi.

Na hizo hesabu nilizijua nimechelewa kwa sababu uhasibu nao nilikuwa nimeutoa nje, haha. Nilipata kijana anafuatilia mambo ya makadirio na ritani za kodi, namlipa 80,000 kwa mwezi, nikampa mpaka neno la siri la akaunti yangu ya TRA, nikalala usingizi. Siku naenda mwenyewe nakuta kuna awamu mbili hazijalipwa na adhabu imeshaanza kuhesabu. Kijana simu haipokelewi. Nikamwambia afisa kwamba mhasibu wangu ndio kakosea, akaniangalia kwa huruma akasema mama, TIN hii ina jina la nani? Hakunijibu vibaya, aliniuliza tu. Mpaka leo nina mhasibu wa nje, mwingine, mdada mzuri tu na simwachi kwa sababu mimi na makaratasi hatupatani, ila malipo nafanya mwenyewe kwa simu yangu na tarehe za awamu, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa fremu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi daftari lilikuwepo, lilikuwa kwa mtu mwingine.

Kuna na la ukurasa. Hili fupi. Nilimpa kijana wa mtaani aniendeshee ukurasa wa Instagram na WhatsApp ya biashara, akaufungua kwa namba yake na imeili yake. Tulipogombana juu ya hela aliondoka na ukurasa wenye wafuasi elfu nne na namba za wazazi wote wa wateja wangu, akauuza kwa muuza viatu. Saivi ukiingia kule unakuta raba. Wazazi wananipigia kuulizia sare wananiambia mbona umehamia kwenye viatu. Namba zile ni za watu, walinipa mimi, na mimi nikamkabidhi mtoto ambaye hata jina lake la ukoo silijui.

Usafirishaji nawatumia boda wawili wa kijiweni, hakuna shida.

Lakini kilichoniuma kuliko zote hizi sio shati 71 wala adhabu. Kuna shule nyingine, kubwa kidogo, nilikuwa nao tangu 2018. Mwaka 2022 oda yao ilishonewa Mbagala, na siku ya kupeleka mzigo nilikuwa nimebanwa nikamwambia yule bwana, kaka we si una kirikuu ya kubebea mizigo, pitiliza tu moja kwa moja shuleni nitawapigia. Akapeleka. Nikampigia bursa, mtunza hela wa shule, nikamwambia huyo ni fundi wangu. Yani mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nilimtambulisha. Ilipofika Oktoba mwaka uliofuata naenda kuulizia oda naambiwa "aah, tumeshampa yule fundi wako, ametupunguzia elfu moja kila shati". Ametupunguzia! Elfu moja yenyewe ndio faida yangu, na zaidi. Nilikaa kwenye benchi la wageni pale nikasikia watoto wanaimba mstarini, wamevaa sketi ambazo pateni yake niliichora mimi jikoni kwangu.

Nikimsema yule bwana mnaweza mkadhani namchukia. Hapana. Aliona mlango uko wazi akaingia. Ningekuwa mimi na vyerehani tisa na vijana wanasubiri kula, sijui.

Baada ya hapo ndio nikabadilisha utaratibu, na sio kwamba niliacha kutoa kazi nje, nisingeweza, Desemba ingeniua. Nilichorudisha ndani ni mkasi. Kukata nakata mimi au mdogo wangu ambaye nimemfundisha, hakuna mtu wa nje anayegusa jora. Vipande nafunga mafungu ya ishirini ishirini kwa kitambaa cha rangi, kila saizi na rangi yake, na karatasi ndani imeandikwa idadi. Fundi akileta fungu linapimwa juu ya pateni mbele yake, likipita analipwa kwa simu hapo hapo, fungu moja moja, hatusubiri mwisho wa oda. Advansi natoa, fundi bila advansi haamki, ila sio zaidi ya theluthi. Na sipeleki oda nzima kwa mtu mmoja tena hata anishikie msahafu, napeleka kwa watatu, mmoja wao mzee mmoja wa Mtoni ambaye anashona polepole mpaka unataka kulia lakini sijawahi kurudisha hata kola yake moja. Nembo nina wadarizi wawili, na mmoja nilimchagua kwa sababu ana jenereta, ni ghali, namtumia mambo yakiharibika tu.

Mzigo kwenda shule unapitia kwangu kwanza. Kila mzigo. Hata kama ni saa nne usiku.

Gharama yake ipo, nisiwadanganye. Kukata mwenyewe kunanila siku kumi na mbili za Desemba nimesimama, mgongo unauma, na oda nachukua chache kuliko zamani. Mauzo yameshuka. Kilichobaki mfukoni kimeongezeka, na mume wangu bado haelewi inawezekanaje, nimeshamwonyesha ile hesabu mara tatu.

Jambo moja nililoliona kwa jirani yangu wa fremu ya tatu niliseme maana linawahusu wengi. Yeye alikuwa na kijana anamwita fundi wa nje, analipwa kwa kipande, lakini kijana anaingia saa mbili anatoka saa kumi na mbili, cherehani ni cha jirani yangu, haruhusiwi kushonea mtu mwingine, miaka mitatu. Walipogombana kijana akaenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kudai likizo na notisi, na jirani yangu akashangaa kweli kweli, mbona huyu hakuwa mwajiriwa? Kumpa mtu jina la fundi wa nje hakumfanyi awe wa nje, wanaangalia mnaishije. Walimalizana kwa usuluhishi na jirani alilipa. Mimi mafundi wangu wa nje wako makwao, na vyerehani vyao, na wateja wao. Wale wawili walioko kwangu nimewaandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara kutoka kwao na 10 kutoka kwangu, inauma kila mwezi, lakini naijua ni ngapi.

Sasa mwezi wa kumi na moja mwaka jana, niko na mkasi mkononi, simu inaita namba siijui. Ni yule bwana wa Mbagala, amebadilisha laini. Salamu ndefu, habari za watoto, habari za shemeji. Mwisho akatoa ya moyoni, kwamba ile shule yetu, alisema yetu, wamemrudishia sketi, saizi haziendani, vijana wake wa kukata wameondoka na waliobaki hawajui, na ana shule tatu zinamsubiri. "Dada, nimefikiria hivi, kwa nini usinikatie wewe, mimi nishone tu. Kama zamani."

Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekata.

Nikamwambia alete majora, nitakata kwa 700 kila kipande, mabaki yanarudi kwake yote nimpimie kwa mita, na advansi nusu. Akalalamika nusu ni nyingi, mbona mimi nilikuwa nampa theluthi. Nikamwambia ndio hivyo kaka. Jioni yake kirikuu ikasimama mbele ya fremu.